Vyombo vya chini ya bahari hapa kwetu nani anavikagua?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako na nakuomba usinipunguze sana, najua barua ndefu na nyie mna mkasi wenu, lakini jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili.

Miezi hii mmeandika sana khabari za uchumi wa buluu na ajira zake, mwani, majongoo ya bahari, uvuvi wa bahari kuu, bandari ya Mangapwani, mahoteli, na mie mstaafu asubuhi sina zaidi ya kahawa na gazeti kwa hivyo yote nimeyasoma. Kazi moja sijaiona. Nayo ndio niliyoifanya tangu ujana mpaka nikastaafu, kukagua vyombo vinavyozama kwa makusudi, yaani nyambizi ndogo, chemba za presha, kengele za wapiga mbizi, mitungi na valvu zake zote, halafu kuvipa cheti au kuvinyima. Vijana wa barazani hapa Kikwajuni nikiwaambia wanacheka, eti babu kumbe ulikwenda Ulaya kugonga muhuri. Haya, nilikwenda kugonga muhuri, sasa nisikilizeni.

Nilipelekwa Ujerumani Mashariki miaka ya 80, Rostock, kusoma uhandisi wa meli. Enzi hizo sisi na wale jamaa tulikuwa tunajuana vizuri, haya mafleti ya Kikwajuni ninayoishi si wao waliotusaidia kujenga. Ukuta ukaanguka 1989, viwanda vya meli vya kule vikayumba, watu wakatawanyika kutafuta riziki na mie nikahamia Hamburg nikaingia kampuni ya ukaguzi. Hizi kampuni wengi hawazijui kwa sababu hazijengi kitu wala haziuzi kitu. Ya kwanza kabisa, Lloyd's Register, ilizaliwa London 1760 kutokana na mgahawa wa kahawa, wafanyabiashara na watu wa bima walikaa pale wakinywa kahawa na kuulizana meli ipi nzima na ipi mbovu, maana mwenye bima hawezi kumsikiliza mwenye meli peke yake, mwenye meli atasema nini zaidi ya kusifu chake? Wakaja Bureau Veritas 1828, Wamarekani na ABS yao 1862, Wanorwei na DNV 1864, Wajerumani pale Hamburg na Germanischer Lloyd 1867, na hizi mbili za mwisho zikaungana 2013. Msingi wao wote mmoja, anayekagua asiwe aliyejenga wala anayenunua. Kweli ada analipa mwenye chombo, na hapo ndipo majaribu yanapoanzia, nimekaa kwenye vikao mteja kakunja uso anakuuliza kwa nini unamcheleweshea biashara na bosi wako yupo pembeni anajikohoza. Lakini mkaguzi akisaini kitu kibovu mara moja basi saini yake haina thamani tena kwa mtu wa bima, na hicho ndicho kinachomlinda kuliko ujasiri wake.

Kazi inaanza mezani. Unaletewa michoro na mahesabu, na wewe unayapiga upya bila ya kutizama majibu yao. Maji ya bahari kila ukishuka mita 10 yanaongeza angahewa moja, yaani karibu kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Mita 10 si kitu, watoto wa Forodhani wanajirusha tu pale. Mita 400 ni kilo 40 kwenye kila sentimita, na pale ilipolala Titanic, mita 3,800 hivi, ni kilo 380. Kwa hivyo umbo linalopendwa ni la mviringo, mpira wa chuma au wa titani, ule mgandamizo unagawika sawasawa pande zote. Ukishaukata mpira huo ukatia mlango, dirisha na tundu za waya, kila tundu ni ugomvi mpya.

Halafu unakwenda kiwandani. Unalikuta bamba la chuma lina namba iliyogongwa, unailinganisha na karatasi ya kiwanda kilichoyeyusha chuma kile, namba ikitofautiana hata tarakimu moja bamba linakwenda nje, na hapo utatukanwa kwa kijerumani safi. Unasimama na mchomeleaji wakati anachoma, baadae kila ungio linapigwa eksirei na altrasaundi. Halafu unaingia mwenyewe ndani ya ule mpira na tochi. Kwenye fremu ya mlango kuna mfereji mwembamba unaokaa mpira wa kuzuia maji, mnaita o-ringi, basi ule mfereji mie nilikuwa naupitishia kidole mzunguko mzima nikiwa nimefumba macho, maana jicho linadanganyika na mng'aro lakini kidole hakidanganyiki. Unywele mmoja tu ukilala kwenye ile o-ringi maji yanapita. Na la ajabu ni kuwa kule chini sana mlango hauvuji, maji yenyewe yanausukuma ukakaza, unavuja hapo juu juu mita chache presha ikiwa bado ndogo. Mafundi wapya wote hili linawashangaza.

Mwisho kinatiwa kwenye tangi la majaribio, kinagandamizwa zaidi ya kina kitakachofanyia kazi, kimebandikwa vipimo mwili mzima kuona kimeminyika kiasi gani na kikiachiwa kinarudi vilevile au kimebakia na kovu. Halafu baharini. Na mkaguzi mara nyingi anaingia na kushuka nacho, mie napenda hivyo, kama husubutu kukaa ndani usisaini. Ile nyambizi ya watu wawili ya Limiting Factor aliyoishukia Victor Vescovo mwaka 2019 mpaka chini kabisa ya Challenger Deep, pahala penye kina kuliko pote baharini, karibu mita 11,000, mpira wake ni titani ya unene wa milimita 90 na ilipewa cheti cha kushuka mara kwa mara, si mara moja tu kwa bahati, na mtaalamu wa DNV GL, zile kampuni mbili zilizoungana, aliyesimamia ukaguzi alishuka ndani yake mpaka chini. Cheti nacho si cha milele, kila mwaka unarudi kutizama na kila baada ya miaka kadhaa kinafunguliwa chote.

Sasa Titan, ile nyambizi ya kupeleka watu kutizama Titanic. Kila mtu anaijua, Juni 2023, watu watano, na hapa mtaani ilizungumzwa utafikiri ni msiba wa jirani. Wengi walisema bahari ilikuwa na kina kirefu mno ndio maana. Sikubaliani. Nyambizi Trieste ilikwishafika chini ya Challenger Deep tangu Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh, na wakarudi salama na dirisha la nje limepata ufa. Kina si ndio kilichowaua wale watano. Mwili wa Titan ulikuwa wa kaboni faiba iliyogundishwa na pete za titani, kaboni faiba ukiivuta ina nguvu kupita chuma, ukiigandamiza mara kwa mara ni mambo mengine, matabaka yanaanza kuachana ndani kwa ndani wala huoni. Chukua waya wa uzio uukunje na kuukunjua, mara ya kwanza haufanyi kitu, ya pili haufanyi kitu, halafu unakatika mkononi. Ndio hivyo hivyo. Mwaka 2022 wakati wa kupanda juu walisikia mlio mkubwa kwenye mwili wa chombo, mwaka uliofuata wakashuka tena nacho! Na hakikuwa na klasi, yaani cheti cha hizi kampuni za ukaguzi, hata moja. Kampuni yenye chombo, OceanGate, ilieleza hadharani mwaka 2019 kwa nini haitaki, kwa maoni yao ukaguzi wa klasi unachelewesha ubunifu. Kabla yake, 2018, wataalamu wenzao wa vyombo hivi waliwaandikia kuwaonya, na mkuu wao wa shughuli za baharini alipoandika ripoti ya kasoro akafukuzwa kazi. Coast Guard ya Marekani ilipotoa ripoti yake 2025 ikasema ajali ile ingeweza kuzuilika. Sisi wa kazi hii hatukuhitaji ripoti.

Lakini mie vijana niliokuwa nawafundisha sikuwa naanza na kina kirefu. Nilikuwa naanza na ajali ya mtambo wa Byford Dolphin, kwa sababu ile haikutokea chini ya bahari, ilitokea juu, watu wapo kwenye mtambo wa mafuta Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei. Tarehe 5 Novemba 1983. Wapiga mbizi wa kina kirefu hawapandi na kushuka kila siku, wanaishi ndani ya chemba iliyotiwa presha sawa na ya kule wanakofanyia kazi, siku nyingi, wanakula humo wanalala humo, na kwenda kazini wanapelekwa na kengele inayofungwa kwenye chemba kwa kola ya chuma. Siku ile chemba ilikuwa na angahewa 9. Kola ikafunguliwa kabla ya mlango wa ndani kufungwa. Kutoka 9 hadi 1 kwa kufumba na kufumbua. Wakafa wapiga mbizi wanne na mmoja wa waliokuwa wakiwahudumia nje, mwenzake akaumia vibaya. Mfumo ule ulikuwa wa zamani, haukuwa na loki ya kuzuia kola isifunguke wakati ndani mna presha. Kipande cha chuma tu ambacho kingemwambia mtu aliyechoka usiku kuwa hapana, bado. Baada ya hapo zile loki zikawa sharti. Kwa hivyo mkaguzi akikuuliza suali la kipuuzi, kwa mfano hichi kitasa mtu akikivuta kwa makosa itakuwaje, usimcheke, pengine anakiona kitu ambacho wewe umekizoea.

Na maji mafupi nayo yasitulaze. Machi 2025 nyambizi ya kutembeza watalii ilizama Hurghada, Misri, karibu na pwani, watalii 6 wakafa. Biashara ile ni ya kuwaonesha watu matumbawe na samaki kwenye kina ambacho hapa kwetu mpiga mbizi wa mwanzo anashuka.

Nakuja nyumbani sasa, maana si kama nimeandika kujisifu na Hamburg yangu.

Zanzibar tusijidanganye kuwa mambo haya ya wenzetu. Umeme wetu karibu wote unapita chini ya bahari, Unguja tangu 1980 na waya mpya mkubwa wa megawati 100 tangu 2013, Pemba unatoka Tanga tangu 2010, na mnakumbuka 2008 tulivyokaa giza karibu mwezi mzima na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, anayesahau hakuwa na friji. Kule kaskazini ya Pemba kuna chumba cha hoteli kinachoelea ambacho kitanda kipo mita 4 chini ya maji, tangu 2013, picha zake zimezunguka dunia. Kuna vituo vya kupiga mbizi Nungwi, Kendwa, Mnemba, Matemwe, Paje, Mkoani. Chemba ya kutibia wapiga mbizi ilipata kuwekwa Matemwe. Ng'ambo ya mkondo, Tanga, silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, wananaswa na nyavu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wanasayansi siku zote wanataka kumfuata kule aliko, na wa kwanza kumpiga picha akiwa hai nyumbani kwake 1987 walikuwa Wajerumani na nyambizi yao, kule kisiwa cha Ngazija, Komoro, hapo jirani. Shelisheli 2019 raisi wao Danny Faure alihutubia dunia akiwa ndani ya nyambizi zaidi ya mita 120 chini. Vitu hivi vinakuja, vyengine vishakuja. Suali langu dogo tu, kikishushwa bandarini Malindi chombo cha namna hiyo na karatasi yake, nani hapa anaweza kuisoma ile karatasi akajua inasema nini na haisemi nini?

Nitatoa mfano nilioushuhudia, jina la pahala silitaji kwa sababu si nia yangu kumchafulia mtu riziki na pia hayupo peke yake. Niliporudi nyumbani kuishi nikamsindikiza mpwa wangu kwenye kituo kimoja cha mbizi upande wa mashariki, alikuwa anataka kazi. Ofisini wametundika cheti kizuri kwenye fremu, mitungi yote imepimwa. Mie kwa mazoea nikainama nikasoma shingo ya mtungi. Mtungi halali shingoni una kila kitu kimegongwa, namba yake, umetengenezwa na madini gani, presha ya kazi, presha ya majaribio, mwezi na mwaka wa kupimwa mara ya mwisho na alama ya aliyepima. Namba za shingoni na za kwenye cheti hazikufanana hata moja. Cheti kilikuwa cha mitungi mingine kabisa. Mwenyewe wala hakuwa mwizi, wallahi, alinunua mitungi ya zamani na alipewa karatasi pamoja nayo akaamini. Na aliyempa karatasi ndiye aliyemuuzia mitungi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200, na bar moja ni karibu angahewa moja, una hewa lita 2,400 imefungiwa humo, ukipasuka wakati wa kujazwa hauuliziwi. Na mitungi mingi ya zamani ya aluminiamu ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa madini, inayoitwa 6351 ambayo ina tabia ya kuota nyufa ndogondogo shingoni kwenye nyuzi za kufungia valvu, viwanda vikaiacha vikahamia 6061, lakini mitungi ile haikufa, ilisafiri. Inaweza kufika hata huku.

Nyuma ya ofisi nikaikuta kompresa. Bomba la kuvutia hewa lilikuwa limeelekezwa kusini na mashariki, vizuri kabisa, hewa ya bahari. Ila upande huohuo, hatua chache, kuna jenereta na ekzosi yake. Siku ile ilikuwa kaskazi, moshi unakwenda zake, hewa safi, ungepima ungeandika salama na usingekosea. Likivuma kusi moshi wote unaingia kwenye bomba na mtu anajaziwa mtungi wa kaboni monoksaidi. Juu kidogo ile sumu itampa kichwa tu, lakini mita 30 presha ni mara nne na sumu inamuathiri kwa kiasi hicho. Sasa niambie, mkaguzi anayeletwa kwa ndege Januari siku mbili akarudi kwao, atajua wapi habari za kusi? Mtoto wa Jambiani atajua kabla hajafungua begi. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kuwa kazi hii lazima iwe na watu wa hapa, si kwa uzalendo wa maneno bali kwa sababu upepo wa hapa unajulikana na watu wa hapa.

Chemba nazo. Chemba ya tiba ni mtungi mkubwa wenye mtu ndani, na oksijeni ndani, kwa hivyo hata cheche ndogo ni balaa. Madirisha yake ni ya akriliki, ile plastiki nene inayong'aa. Akriliki ina adui mmoja ambaye hospitali zote zinaye, spiriti. Mfanyakazi mwema, msafi, anayejali, anapangusa dirisha kwa spiriti kila asubuhi kama anavyopangusa kila kitu, na baada ya muda linaanza kuota mistari myembamba mithili ya hakuna, ukiitizama kwa ubavu na tochi unaiona. Dirisha lile limekwisha. Hakuna aliyemwambia kuwa linaoshwa kwa maji na sabuni tu. Nimeshayakuta hayo Ulaya kwenye nchi zenye kila kitu, kwa hivyo si suali la umasikini.

Na kuna wale ambao hata hawamo kwenye brosha za utalii, vijana wa majongoo. Hawa mitungi yao inakodiwa, haijulikani ilipimwa lini, wanashuka na kupanda tangu asubuhi mpaka jioni wakifuata majongoo yaliyokimbilia kina kirefu kwa sababu ya maji mafupi yamekwisha. Jioni viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, wengine wanapooza na wengine ndio basi tena. Mwanasayansi Haldane alitoa majedwali ya kupanda taratibu tangu 1908 baada ya kuwajaribia mbuzi, zaidi ya miaka mia, na kijana wa Kojani au wa Wete pengine hajawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja. Ukaguzi wa mitungi usiwe wa vituo vya watalii tu, ukifanywa hivyo mie siuungi mkono.

Mitambo ikiwa mizima na ipo karibu inafanya nini? Mei 2013 mpishi mmoja wa Kinigeria, Harrison Okene, meli yao ndogo ilipinduka ikalala chini mita 30, akakaa humo gizani kwenye mfuko wa hewa kama saa 60, wapiga mbizi waliokwenda kutafuta maiti wakamkuta yu hai. Angepandishwa moja kwa moja angekufa. Walimtia kwenye kengele yao, wakamhamishia kwenye chemba wakampunguzia presha taratibu siku nzima na zaidi, leo anaishi na yeye mwenyewe amekuwa mpiga mbizi. Upande wetu wa bahari, Likoni Septemba 2019, gari ilitumbukia kutoka kwenye feri na mama na mtoto wake, kina mita 58 tu, ndani ya mlango wa bandari, ikachukua karibu wiki mbili kuitoa na wapiga mbizi wengine ilibidi watoke Afrika Kusini. Na sisi wenyewe 2011, ilipozama meli ya abiria ya Spice Islander, yale sina haja ya kuwakumbusha watu wa Nungwi wala wa Pemba, na hapo pia wapiga mbizi wa Afrika Kusini ndio waliokuja.

Ninachokitaka si kikubwa. Mamlaka ya Usafiri Baharini ianze na mitungi, kituo kimoja Unguja na kimoja Pemba, cha kupima mitungi kwa presha ya maji na kuikagua ndani, kisichouza mitungi wala kujaza hewa, na namba za mitungi yote iliyopita na iliyokataliwa ziwekwe kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwa simu yake. Ile iliyokataliwa itobolewe pale pale mbele ya mwenyewe, vyenginevyo kesho utaikuta Chake Chake. Baadae wachukuliwe vijana wachache kutoka Taasisi ya Karume na SUZA, chuo kikuu chetu, na kule DMI, chuo cha bahari cha Dar es Salaam, wale ambao mikono yao inajua kuchomelea na vichwa vyao havichoki na karatasi, wasomeshwe upimaji wa maungio, eksirei, altrasaundi, halafu wakae chini ya mkaguzi mzee miaka kadhaa. Hakuna njia ya mkato. Mshahara mwanzo si mzuri, nasema kweli, lakini kampuni za klasi zinatafuta watu dunia nzima na umri hautupi nje, kazi hii kadri unavyozeeka ndio unavyoaminiwa. Wasichana wasiachwe, mtu mwenye jicho kali la maungio kuliko wote niliofanya nao kazi alikuwa mwanamke wa Bremen, mbeya kidogo ila ungio halimpiti.

Watu wataniambia serikali ina mambo mengi, maji, skuli, barabara. Sawa. Ila serikali hiyohiyo ikikaribisha wawekezaji wa chini ya bahari inapokea na jukumu lake, mtalii au mvuvi akifa humo karatasi itatafutwa na wakati huo hakuna atakayekubali kuwa aliipokea.

Na wewe Mhariri nina neno na wewe. Waandishi wako wakialikwa kwenye uzinduzi wa kitu chochote kinachoingia chini ya maji na watu ndani, baada ya juisi na hotuba waulize nani amekikagua, cheti kinaisha lini, na namba ya kwenye cheti ipo wapi kwenye chombo, waoneshwe kwa macho. Wakijibiwa kuwa cheti kipo ofisini Dubai mchape hivyohivyo.

Mie nipo Kikwajuni, baada ya laasiri barazani. Mwenye mtungi asiyejua shingo yake inasema nini aulete nitamsomea bure, ila autoe hewa kwanza, wazee wenzangu hawataki bar 200 karibu na bao lao.

Mhandisi mstaafu,
Kikwajuni, Unguja